Mkono wa Mama Mkwe

Baba yangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Syombua, na Syombua ni jina la mama yake mama yangu, kwa hiyo baba hawezi kulitamka. Huniita Mama. Akikasirika huniita Wewe. Siku aliyonipeleka kuanza darasa la kwanza pale Tawa, mwalimu alimwuliza mtoto anaitwa nani, baba akajikuna kichwa, akatazama dari, akajikuna tena, hadi mimi mwenyewe nikajitaja. Mwalimu hakucheka. Alikuwa Mkamba pia.

Wasio Wakamba nikiwaeleza mambo ya nthoni hucheka sana. Nthoni ni heshima, lakini ni heshima iliyochanganywa na haya. Mwanamume na mama wa mke wake hawapeani mikono, hawatajani majina, hawali chakula pamoja, hawaketi chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kichakani, na mama anajifunika leso usoni mpaka mwenzake apite. Si kwamba wanachukiana. Mara nyingi wanapendana sana, ila wanapendana kwa kutumiana watu. Mchungaji wetu alihubiri Jumapili moja kwamba nthoni ni giza la zamani, na Jumatatu yake akaonekana akiruka ua wa mkonge, Biblia mkononi, kwa sababu mama mkwe wake ametokea kwenye kona. Kwa hiyo msiniambie eti baba alikuwa mshamba.

Baba anaitwa Kivuva. Kazi yake ilikuwa cherehani, kwenye veranda ya duka moja pale sokoni Tawa. Alikuwa mtu mpole, tepe ya kupimia shingoni, pini mdomoni, na nadhani pini zile zilimsaidia sana, maana mtu mwenye pini mdomoni haulizwi maswali. Marafiki zake walikuwa wawili tu. Wa kwanza alikuwa Ndululu mwenye bucha, ambaye hajui kunyamaza. Mengi ninayosimulia hapa yametoka kwake, na yaliyobaki yametoka kwa baba mwenyewe, baadaye, alipokuwa hana tena la kuficha. Wa pili alikuwa Nzomo, dresa wa zahanati, mtu mrefu aliyeimba nyimbo za kanisani kila alipokwenda, hata akifunga vidonda. Ukiwa mbali ungejua Nzomo anakuja, kwa ile sauti nzito.

Ndululu alikuwa amefanya kazi ya kubeba mizigo bandarini Mombasa akiwa kijana. Kila siku ya Mungu aliwaambia wenzake habari za barabara ya pwani, jinsi yeye na vijana wenzake walivyokodi baiskeli Jumapili wakaendesha kando ya bahari, upepo kifuani, minazi upande huu, maji upande ule, bila kilima hata kimoja. Baba na Nzomo hawakuwa wameona bahari. Waliposikia habari hizo mara nyingi kupita kiasi, wakataka na wao.

Basi mwaka ule kahawa ilipopanda bei, hata fundi wa cherehani alipata, kwa sababu wakulima wa Mbooni wote walitaka suti. Wanaume watatu wakajinunulia baiskeli. Ya baba ilikuwa nyeusi, yenye dinamo na kengele ya kung'aa, na mama yangu, Mumbua, alisema kwamba baba aliipangusa ile baiskeli kuliko alivyonipangusa mimi, nami nilikuwa mtoto wa kutambaa. Wakapanga safari ya Mombasa. Wakaipanga na kuipanga mpaka Nzomo akawaambia ukweli, kwamba baiskeli zitafika na wao watabaki njiani wamekufa.

"Bahari tutatafuta hapa hapa," akasema Nzomo. "Tupande kilima cha Mbooni asubuhi, tuteremke mpaka mjini Wote, tule huko, turudi jioni na barabara ya tambarare. Nani ametuambia lazima tuende kwa watu?"

Wakaondoka Jumamosi, alfajiri. Kupanda waliteseka. Ndululu alikuwa na tumbo la mchinjaji, na kila kona alishuka kusukuma, akidai anaangalia pancha. Lakini walipofika juu, kwenye ule mgongo wa kilima, jua lilikuwa linachomoza upande wa Kitui, na ukungu ulikuwa umejaza bonde lote chini yao, mweupe, umetulia, vichwa vya vilima vimejitokeza hapa na pale. Upepo ulikuwa unapuliza kutoka huko chini. Ndululu akaegemeza baiskeli yake kwenye mkaratusi, akatazama kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza bila neno.

"Ni hiyo hiyo," akasema hatimaye. "Ni chumvi tu imekosa."

Baba ananiambia hakuwahi kufurahi namna ile, si siku ya harusi, si siku niliyozaliwa. Nilimwambia asante sana. Lakini namwelewa. Alikuwa mtu wa kuinama siku nzima juu ya nguo za watu wengine, na pale alikuwa amesimama wima, na dunia iko chini yake, na mbele kuna mteremko wa kwenda mpaka Wote. Mteremko huo ndio aliokuwa akiungoja. Alikuwa amekaza breki mwenyewe usiku uliotangulia, akapaka cheni mafuta, akajaribu, akapaka tena.

Barabara ile inapita karibu na nyumbani kwa susu, yaani nyanya yangu, yule Syombua mwenyewe. Baba alijua hivyo, na alikuwa amemtuma mama aende kumwarifu susu siku moja kabla, kwamba Jumamosi asubuhi watapita, ili asiwe barabarani. Hivyo ndivyo heshima inavyofanywa. Susu akasikia, akasema sawa. Lakini asubuhi ile jirani yake alikuwa ameahidi kumpa maharagwe ya mbegu, na susu akaona atakwenda na kurudi mapema kabla ya wanaume kuamka. Akirudi na kiondo mgongoni, ukingo wa barabara, uliokuwa umelainishwa na mvua, ukavunjika chini ya mguu wake. Akatumbukia mtaroni. Kifundo cha mguu kikageuka, kikakataa kurudi.

Alijivuta kwa mikono mpaka kando ya barabara, akaketi hapo, maharagwe yamemwagika kote. Barabara ile siku ya Jumamosi haina watu, kila mtu yuko soko la Tawa, upande wa pili. Akangoja.

Baba alikuwa ametangulia. Alipokata kona alimwona mbele, mbali kidogo, mwanamke ameketi kando ya barabara. Aliijua ile leso, ya kahawia yenye maua meupe, kwa sababu aliinunua mwenyewe akampelekea kwa mkono wa mama. Akafunga breki. Na susu naye alimwona, akaivuta leso, akajifunika uso, kama inavyotakiwa. Kisha, uso umefunikwa, akainua mkono mmoja juu.

Baba aliuona ule mkono. Alisimama na baiskeli yake katikati ya miguu, akautazama. Akaona kwamba mama mkwe anamwashiria: nimekuona, shika njia nyingine, nenda salama. Ndivyo alivyojiambia. Akageuza baiskeli, akarudi juu ya kona walikokuwa wenzake wakija polepole, Nzomo akiimba kwa sauti ya kuamsha kijiji.

"Simameni," baba akawaambia. "Mama mkwe ako barabarani. Tushuke na hii njia ya chini."

Njia ya chini ilikuwa kijia cha ng'ombe kinachopita mashambani, kikivuka kijito na kurudi barabarani mbele kabisa. Si njia ya baiskeli.

"Wewe shuka," akasema Ndululu. "Huyo ni mama mkwe yako, si yangu. Sisi tutapita na barabara, tumsalimie, halafu tukungoje pale mbele."

"Hiyo ni kweli," akasema Nzomo. "Si vizuri kumpita mama wa watu bila salamu. Wacha mimi nikamsalimie kwa niaba yako."

Na baba akakataa. Hapa ndipo mimi hushikwa na hasira, hata leo, nikikumbuka jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo. Aliwaambia kwamba mama mkwe ataona haya kukutwa na wanaume asubuhi ile, labda hajaoga, labda ameketi kupumzika tu. Maneno ya heshima tupu. Lakini sababu hiyo haikuwa sababu. Baada ya pale alipokuwa susu ndipo mteremko wenyewe unapoanza, ule mrefu wa kuacha pedali kabisa. Wenzake wakipita na barabara wangeuteremka wao wenyewe, na yeye angekuwa huko chini akisukuma baiskeli kwenye mabua. Hakutaka waende bila yeye. Basi.

"Tumekuja pamoja, twende pamoja," akasema.

Wakacheka, wakamfuata. Ndululu aliteleza kwenye kijito akakaa majini na baiskeli juu yake, na kicheko chao kilisikika bonde zima. Susu alikisikia.

Walifika Wote, wakala nyama na chapati, wakapigwa picha na mpiga picha wa sokoni, kila mtu ameshika baiskeli yake. Picha hiyo mama yangu aliitundika sebuleni baadaye, kwa sababu ndiyo picha pekee ambayo baba anacheka. Tangu nipate akili nimemwona baba akiketi kwenye kile kiti ambacho kinaipa mgongo. Nilidhani anapenda dirisha.

Jioni walirudi Tawa na barabara ya tambarare. Mbele ya duka wakakuta pikapu ya Abdille imesimama na mbuzi nyuma. Abdille alikuwa mnunuzi wa mifugo, Msomali kutoka kaskazini, aliyejulikana katika masoko yote ya kwetu, kutoka Migwani mpaka Wote, kwa sababu hakubishana bei zaidi ya mara mbili. Nzomo na Ndululu walikuwa wamebaki nyuma kidogo. Abdille akamkabili baba peke yake.

"Wewe ndio Kivuva? Mama ya bibi yako nimempeleka kwake sasa hivi. Nimemkuta barabarani, mguu umevimba hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili. "Anasema ako hapo tangu asubuhi, jua likitoka. Nyinyi watu, barabara hiyo hampiti? Hakuna mtu mmoja anapita kutwa mzima?"

Baba akaitazama kengele ya baiskeli yake. Abdille akadhani ni mshtuko, akamshika bega, akamwambia pole, Mungu ni mkubwa, mama ana nguvu. Baba aliniambia kwamba ule mkono wa Abdille begani ulikuwa mzito kuliko gunia.

Nzomo alipofika na kusikia kwamba susu ameumia mguu, hakuuliza mengi. Alikimbia zahanati akachukua sanduku lake, akarudi mbio, akapanda pikapu ya Abdille pamoja na mama yangu. Baba alifuata kwa baiskeli, akakanyaga kile kilima gizani bila kushuka hata mara moja. Alipofika hakuweza kuingia, nthoni hairuhusu. Akasimama nje ya ua. Na hapo nje ndipo alipomsikia susu, mwanamke ambaye hakuwahi kupandisha sauti, akipiga kelele.

"Asiniguse! Mtoeni huyo! Nasema huyo asiniguse!"

Mama yangu akambembeleza. Nzomo akambembeleza, akamwambia kifundo kimetoka mahali pake, akikirudisha leo kitakaa, kikilala hivyo kitakataa. Susu akageukia ukuta. Alisema ataitiwa mzee wa kuunga mifupa wa kijijini kwake na kwamba dresa arudi kwake akaimbe. Watu wakasema ni uzee, ni ushamba, ni maumivu. Nzomo akatoka nje na sanduku lake, amevunjika moyo.

"Kivuva," akasema pale kwenye ua, "asubuhi wewe ndio ulimwona. Alikuwa sawa?"

"Alikuwa ameketi tu," akasema baba.

"Basi lazima alianguka baadaye. Bahati mbaya. Tungekuwa tumepita hapo saa nyingine..." Akatikisa kichwa.

Baba angeweza kumwambia. Hawakuwa na mtu mwingine karibu, na Nzomo si mtu wa kugombana. Lakini mdomo ukakataa. Alisema, "Ndiyo, bahati mbaya," akashika baiskeli yake.

Mzee wa kuunga mifupa alikuja, akakanda, akafunga kwa vijiti, na mguu ukapona ukiangalia upande. Susu hakutembea tena bila fimbo, na shamba lake la chini hakulifikia tena. Lilibaki magugu.

Baada ya hapo baba alikuwa mkwe wa mfano. Watu wa Tawa wanaweza kuwaambia. Kila wiki alibeba maji kwa baiskeli, mitungi miwili kwenye keria, akapanda kile kilima, akaiacha nje ya ua, akapiga kengele mara moja na kuondoka kabla susu hajatoka. Kuni alipeleka. Gauni alimshonea kila Krismasi, la kipimo sahihi kabisa, ingawa hakuwahi kumpima. Wanawake wa kanisani walimwambia mama yangu, "Mumbua, wewe ulipata mume. Wa kwetu hata chumvi hawawezi kumpelekea mama." Mama alijivuna. Akirudi nyumbani alimweleza baba jinsi alivyosifiwa, na baba aliinuka akatoka nje. Alikuwa anakwenda kukaa nyuma ya choo. Nilimkuta huko siku moja, ameketi juu ya jiwe, hafanyi lolote. Nilimwuliza, "Baba, unaumwa?" Akasema, "Hapana, Mama. Rudi ndani."

Kilichomtesa, aliniambia, ulikuwa ule mkono. Mguu wenyewe aliweza kuubebea maji. Lakini mkono ulimwambia nini asubuhi ile? Ulimwambia nenda, au ulimwambia njoo? Kama ulisema nenda, basi yeye alifanya kama alivyoagizwa, na lililobaki ni bahati mbaya kama alivyosema Nzomo. Kama ulisema njoo, basi alimwona mama wa mke wake akimwita kwa mkono kutoka mavumbini, akampa mgongo. Akiwa kwenye cherehani angesimama katikati ya mshono, akainua mkono wake mwenyewe hewani, akautazama. Wateja walidhani anapima mwanga.

Na hakuweza kuuliza. Kuna njia ya kuilegeza nthoni, tangu zamani iko: mkwe analeta mbuzi na blanketi, wazee wanaketi, nyama inaliwa, mama mkwe anafunikwa lile blanketi, na tangu siku hiyo wanapeana mikono na kuongea kama watu. Wengi wa rika la baba walishafanya. Baba aliahirisha. Mama alimchokoza, akamwambia, "Mtu wa kushona suti za Mbooni nzima, mbuzi mmoja anakushinda?" Ndululu akasema atatoa mbuzi kutoka bucha yake, bure, ili aibu hii iishe. Baba akasema mwaka ujao. Mwaka ujao ukafika, akasema mvua kwanza. Watu wakamwona mchoyo, na yeye akaona heri aitwe mchoyo. Aliogopa kupewa jibu.

Nzomo naye, susu hakumsamehe kamwe. Alipokuwa akipita na wimbo wake, susu aliingia ndani na kufunga mlango. Susu alipougua kifua, alibebwa mpaka zahanati nyingine, mbali, ili asiguswe na dresa wa Tawa. Nzomo alimwuliza baba mara kwa mara, "Kivuva, nilimkosea nini huyu mama?" Na baba, kwa kweli kabisa, hakujua. Hilo namwamini. Alifikiri pia ni ukaidi wa uzee.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule, nakaa nyumbani nikingoja kazi, wakati susu alipotuma ujumbe mwenyewe. Aliniita akanipa maneno haya nimpelekee baba: "Mwambie mkwe wangu alete mbuzi. Nimechoka kunyamaziana na mtu anayenishonea nguo. Ninataka kumshukuru kwa mdomo wangu kabla haujafungwa."

Nilimpelekea. Baba aliondoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kitambaa. "Sawa," akasema.

Ndululu alileta mbuzi, dume jekundu lililonona, akalichinja mwenyewe uani kwa susu. Nzomo alikuja kusaidia kuchoma, akabaki nje karibu na moto, kwa sababu alijua hatakiwi ndani. Hakuimba siku hiyo, kwa adabu. Wazee walisema yao, mchungaji naye akaomba sala fupi ili Mungu asiachwe nje ya shughuli. Baba akaingia ndani ya nyumba ya mama mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani. Akaweka blanketi mabegani mwa susu. Susu akanyoosha mkono, baba akaupokea kwa mikono yake miwili, na mama yangu akalia. Wazee wakatoka kwenda kwenye nyama. Mimi nilibaki nikimimina chai.

"Umezeeka," susu akamwambia baba. "Nilikuwa nakuona kwa mgongo tu."

"Ndiyo, mama."

"Maji umeniletea. Kuni umeniletea. Watoto wangu wa kiume wako Nairobi, hawajui hata kama nakunywa. Asante."

Nilifikiri baba atafurahi. Badala yake aliweka kikombe chini.

"Mama," akasema, "siku ile ya mguu. Uliniona barabarani. Uliinua mkono. Ulikuwa unaniita?"

Susu akamshangaa. "Nikuite wewe? Ningekuitaje? Wewe ni mkwe wangu. Ungenibeba namna gani, na nthoni ilikuwa bado?" Akacheka kidogo. "Hapana. Wewe ulifanya vizuri, ulipita mbali kama mtoto wa watu. Na hilo limekusumbua?"

Baba akafunga macho. Nilimwona akishusha pumzi, ndefu, ya miaka.

"Mimi sikukuita wewe," susu akaendelea. "Niliwaita wale wenzako. Nilisikia dresa akiimba nyuma yako, nikashukuru Mungu, nikasema huyu ndiye mwenye dawa. Nikainua mkono. Ulipopotea kwenye kona nilimwita kwa jina, 'Nzomo! Nzomo!' Wimbo ukazunguka ukaenda upande wa chini. Kisha nikasikia wanacheka huko mtoni. Aliniona nimekaa chini na maharagwe yangu, akacheka akaenda zake. Halafu usiku anakuja na sanduku." Akatema pembeni. "Huyo nitakufa naye moyoni."

Huko nje Ndululu alikuwa anamwagiza mtu chumvi. Mimi sikujua bado yaliyotokea kwenye kona ile, lakini nilimwona baba, na nikajua kuna kitu. Mtu aliyekuwa amepona muda mfupi uliopita alikuwa anaugua tena mbele yangu, na safari hii vibaya zaidi. Angeweza kunyamaza. Shukrani alishapewa, blanketi limekubaliwa, hakuna aliyemwuliza neno.

"Mama," akasema. "Nzomo hakukuona. Alitaka kuja kukusalimia. Ni mimi nilimgeuza."

"Ulimgeuza?"

"Niliwapitisha njia ya chini, wote wawili. Nilitaka tuteremke pamoja."

Susu alimtazama. Nilikuwa nangoja amtukane, na kwa kweli nilitaka amtukane, kwa ajili ya mguu ule na lile shamba la magugu. Hakumtukana. Akashika ncha ya blanketi jipya, na nikaona anahesabu milango yote aliyomfungia Nzomo.

"Yuko nje?" akaniuliza mimi.

"Yuko kwenye moto, susu."

"Mwite aingie."

Nilikwenda nikamwita. Nzomo alidhani nimekosea jina. Alinawa masizi mikononi mara mbili, akainama mlangoni kwa urefu wake, akasimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Baba alikuwa amesogea pembeni, ukutani. Susu hakumwambia Nzomo salamu wala samahani. Alivuta gauni lake juu kidogo, akautoa ule mguu.

"Angalia," akasema.

Nzomo akapiga magoti. Akaushika mguu kwa mikono yote miwili, akaugeuza taratibu, akapapasa kifundo kwa kidole gumba, akarudia. Alisahau kuogopa. Hata aliuanza ule mvumo wake wa wimbo, mdomo umefungwa, kama afanyavyo akiwa kazini. Kisha ukakatika.

"Mama, sasa umeshakuwa mfupa mmoja," akasema. "Hii nitakupa tu dawa ya maumivu. Lakini usiku ule ungenyooka. Ilikuwa kazi ndogo, mama. Ilikuwa kuvuta mara moja tu." Akainua uso, na machozi yalikuwa yanamlenga, yule mtu mzima. "Kwa nini ulinikataa? Nilikukosea nini?"

Susu alinyoosha kidole kuelekea ukutani.

"Muulize rafiki yako," akasema.

Nzomo akageuka, mguu wa susu bado uko mikononi mwake, akangoja baba aseme.